Abraxas niliyouziwa: upande A asali, upande B mtumbwini

Nyota moja. Naiweka hapa juu ili asiyependa malalamiko ajiendee zake mapema.

Nilichonunua, miezi kadhaa nyuma, ni santuri mpya ya Abraxas, albamu ya bendi ya Santana, ile ya mwaka 1970, imechapwa upya na kufungwa nailoni, kwa bei ambayo si ya utani. Kasha halina neno: mchoro wa Mati Klarwein umetoka na rangi zake zote. Balaa liko upande B. Ukifika wimbo wa tatu, Samba Pa Ti, gitaa linalewa. Noti ndefu ya solo inaanza vizuri, inapanda kidogo, inashuka, inapanda tena, kama mtu anayeimba ndani ya mtumbwi siku ya kusi.

Nikaipeleka kwa muuzaji. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Bosi, ndivyo anavyopiga huyo, ni staili yake. Wewe umezoea Smooth, ile aliyoimba juzi juzi."

Matusi mawili kwa pumzi moja. Kwanza, Carlos Santana hakuimba Smooth. Aliyeimba ni Rob Thomas, mwaka 1999, na hata Black Magic Woman iliimbwa na Gregg Rolie, mpiga kinanda cha Hammond. Sauti ya kiongozi wa bendi hii ni gitaa, tangu San Francisco mwaka 1966 walipokuwa wakijiita Santana Blues Band. Ukimpindia noti zake ndefu umemziba mdomo. Zile noti zenyewe hazitoki kwenye kidole peke yake: amplifaya inafunguliwa juu, mpigaji anajisogeza mbele ya spika mpaka apate pale ambapo mlio unaotoka unarudi kuutingisha uzi, na noti inakataa kufa. Akikosea hatua moja inageuka mluzi au inazimika. Mtu anahangaika hivyo, halafu kiwanda kinashindwa kuweka tundu la santuri katikati!

Pili, hilo neno "staili". Anayetaka kuthibitisha achukue saa. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Yangu inayumba kila baada ya sekunde 1.8 kamili, wimbo uwe wa polepole au wa kasi. Kidole kinachotikisa uzi hakina saa ya namna hiyo, kinatetema mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Tena besi la David Brown na kinanda cha Rolie vinapanda na kushuka pamoja na gitaa. (Ndiyo, Hammond ina spika yake inayozunguka, lakini ule mtetemo wake ni wa kasi nyingine kabisa.) Au bendi nzima ilipanda mtumbwi mmoja?

Ukitaka kuona kwa macho, tazama mkono wa sindano ukiwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo. Wangu unaenda kushoto na kulia milimita mbili nzima. Maana yake mifereji ya upande huo, ile inayopitiwa na sindano, imehama kutoka katikati ya tundu kwa milimita moja. Samba Pa Ti iko kama sentimita kumi kutoka katikati, kwa hiyo milimita moja ni sehemu moja ya mia: mwendo unaongezeka asilimia moja, kisha unapungua asilimia moja. Ukijumlisha ni karibu theluthi ya nusu toni. Kwenye ngoma za tumba na timbalesi za Se a Cabo, wimbo unaofungua upande B, hutasikia kitu, mimi mwenyewe nilishausifu upande huo kwa dakika nzima. Kwenye noti iliyoshikiliwa, mtoto wa chekechea anasikia.

Sasa upande A, maana haki itendeke. Kila upande hugandamizwa na bamba lake la chuma, kwa hiyo moja likikaa kombo jingine laweza kuwa sawa. Na hapa liko sawa kabisa. Singing Winds, Crying Beasts ya Michael Carabello, mpiga tumba wa bendi, inateleza hadi ndani ya Black Magic Woman bila mwanya, jambo ambalo mikusanyiko ya nyimbo bora huwa inalikata kwa shoka. Wimbo wa Peter Green huo, bendi yake Fleetwood Mac waliutoa mwaka 1968, Santana wakauungia mkiani Gypsy Queen ya mpiga gitaa Gábor Szabó, na kiungo chake hapa hakina alama. Halafu Oye Como Va ya Tito Puente. Aliyekulia kwenye rumba na cha-cha-cha za Kongo hahitaji mkalimani: kinanda kimeshika kazi ya tarumbeta, tumba iko karibu hadi unasikia kiganja kikiachia ngozi.

Upande huo peke yake ni nyota tano, nisiwe mnafiki. Kikosi kile hakikudumu: walikuwa wamelitikisa tamasha la Woodstock Agosti 1969 albamu yao ya kwanza haijaingia dukani, wakamwongeza kijana Neal Schon kwenye albamu ya tatu mwaka 1971, kisha wakasambaratika. Rolie na Schon wakaenda kuanzisha bendi ya Journey. Wengi wao walirudiana studio kwa albamu ya Santana IV, iliyotoka mwaka 2016, lakini ule moto wa 1970 uko kwenye mifereji hii. Basi nyota tatu.

Dawa ipo, ila usiijaribu kama bado unatumaini kurudishiwa pesa. Zungusha santuri kwa mkono, sindano ikiwa kwenye sehemu tupu, usimame pale mkono ulipofika mbali zaidi na katikati. Weka alama kwenye lebo, upande unaoelekea sindano. Toa santuri, funika mifereji kwa karatasi laini, chukua tupa ndogo ya mviringo na upanue tundu kuelekea alama ile tu, kidogo kidogo, mpaka milimita moja. Futa vumbi lote. Irudishe, alama ielekee sindano tena, usukume ukingo wa upande huo kuelekea katikati kwa nusu ya ule mwendo wa mkono, si mwendo wote. Wengi hukosea hapo, wanahamisha mtumbwi kutoka gati moja hadi jingine. Mkono ukitulia, umepata. Ukigeuza upande A, lazima uivute irudi ilikokuwa, la sivyo unauharibu ule uliokuwa mzima.

Nimefanya hivyo. Samba Pa Ti (ambayo si samba hata kidogo, ni wimbo wa taratibu wa kubembeleza) sasa imenyooka, ile noti inakaa pale ilipowekwa. Nilikuwa naandika nyota nne. Halafu nikakumbuka kwamba tupa nimenunua mimi, kazi nimefanya mimi, na yule bwana bado yuko kaunta anawaambia watu ndivyo anavyopiga.

Nyota moja. Upande A msiuhesabu.