Vichapuzi vya Resini kwa Ubao wa Mawimbi: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kiachwe Dukani

Ndugu watazamaji, karibuni. Mezani nimeweka chupa tatu ambazo wauzaji wa vifaa vya faiba huzinadi kwa ahadi moja, kwamba resini, kile kimiminika kinachoganda juu ya kitambaa cha faiba, itaganda upesi zaidi. Ya kwanza ni kobalti, ya pili ni dimethilanilini, ambayo kwenye lebo huandikwa DMA, na ya tatu ni kichapuzi cha epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine. Maoni yangu nayatoa mapema: fundi anayetengeneza mbao za mawimbi, zile za kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, katika joto la Paje, Diani au Watamu ni nadra kuhitaji chupa yoyote kati ya hizi, ilhali anayefanya kazi kwenye baridi, kama watazamaji wetu walio Uingereza au Afrika Kusini wakati wa kipupwe, ana sababu ya kununua moja tu.

Tuanze na kobalti. Resini ya polyesta ni polyesta iliyoyeyushwa ndani ya stairini, na tunapotia katalisti ya MEKP, ambayo ni peroksaidi, tunategemea peroksaidi hiyo ivunjike ili ianzishe kuunganika kwa viwili hivyo kuwa kitu kimoja kigumu. Katika joto la kawaida la chumba peroksaidi hiyo huvunjika polepole mno, na kobalti ndiyo inayoisukuma. Kwa sababu hiyo resini nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mbao za mawimbi huwa zimekwisha kutiwa kobalti kiwandani, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kufungua pochi. Tazameni kikombe hiki: resini ina weupe uliochanganyika na uwaridi kwa mbali, na huo ndio mwonekano wa kobalti iliyomo tayari. Sasa natia katalisti na kukoroga taratibu, nikikwangua kuta na kitako cha kikombe. Uwaridi unatoweka, rangi inageuka kuwa ya kahawia yenye ukijani, kwa kuwa kobalti yenyewe inabadilika inapokutana na peroksaidi. Ikiwa resini yako inageuka namna hii, basi kichapuzi unacho, na cha kuongeza ni kidogo sana kama kipo.

Kiasi hicho kidogo nakisisitiza. Katalisti hutiwa kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, lakini kobalti ya ziada, ile yenye nguvu ya asilimia 6, hupimwa kwa sehemu za asilimia: mililita 1 hadi 3 kwa lita nzima ya resini. Ukizidisha, ubao hupata rangi chafu isiyofichika chini ya kitambaa cheupe cha faiba, na joto linalozalishwa resini inapoganda huwa kali kiasi cha kuufanya mkono huo wa resini uwe mkavu na mwepesi kupasuka. Muda nao hukuponyoka. Anayepaka kitambaa anahitaji takriban robo saa ya utulivu ili amimine resini, aiache inywewe, aisambaze kwa kipande cha plastiki, kisha akunje kitambaa kuzunguka kingo. Ikiganda kabla ya kingo kukamilika, hubaki madoa meupe ya kitambaa kisichonywa, na dawa yake ni msasa na kuanza upya.

Ucheleweshaji nao una hasara yake, na hapo ndipo kichapuzi kinapopata haki ya kuwepo. Joto likishuka chini ya nyuzi 15, resini hukaa majimaji muda mrefu, huteremka kutoka kwenye kingo na kukusanyika chini, na stairini, ambayo ilipaswa kuwa sehemu ya ubao, huvukia hewani. Hata hivyo, ningependa fundi apashe kwanza chumba, povu linalounda kiini cha ubao, na resini yenyewe. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukaribia kuongeza kasi maradufu, tena bila kugusa rangi wala uimara. Kobalti ifuate pale tu upashaji unaposhindikana.

Hapa naomba msikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Kobalti na katalisti zisikutane kamwe zikiwa tupu, wala DMA na katalisti, kwa sababu mchanganyiko huo hulipuka. Koroga kichapuzi ndani ya resini hadi kienee kabisa, ndipo utie katalisti. Kila chupa iwe na bomba lake la kupimia na kijiti chake, na kitambaa kilichofuta kobalti kisifute katalisti iliyomwagika. Miwani ya kinga isitoke usoni, kwa kuwa tone la MEKP likiingia jichoni linaweza kupofusha.

DMA siipendekezi kwa kazi hii. Wapiga bodi za magari wanaifahamu jamaa yake bila kuiona, kwa maana fila ya magari huganda upesi kwa sababu ya amini, kemikali ya aina hiyo, inayokutana na peroksaidi iliyomo kwenye kitubu cha kigandishi chake. Kwenye fila hakuna tatizo, maana rangi ya gari itafunika juu. Ubao mweupe utawekwa juani kila siku, nayo DMA huufanya uwe wa manjano. Isitoshe, ni sumu inayopenya kwenye ngozi na kudhuru damu. Chupa hii irudi dukani.

Kichapuzi cha epoksi ni suala jingine. Epoksi ilipata wapenzi wengi zaidi baada ya kiwanda cha Clark Foam cha California, kilichotengeneza povu la poliurethani la mbao za mawimbi, kufungwa tarehe 5 Desemba 2005, mafundi walipolazimika kugeukia povu la polistairini, ambalo stairini iliyomo katika polyesta huliyeyusha. Katika epoksi, hadina, yaani kigandishi chake, si kichocheo tu, ni nusu ya jengo, hivyo kuizidisha ili iwahi kuganda huacha ubao laini wenye kunata. Kichapuzi chake halisi hufanya kazi, lakini huufupisha muda wa kikombe kiasi kwamba epoksi iliyobaki kwenye chombo chenye kina huanza kufuka moshi. Hadina ya kasi kutoka kwa mtengenezaji yule yule inatosha.

Fedha ambayo mtazamaji wa mwambao angeitumia kwa vichapuzi, ningemshauri ainunulie resini inayoganda kwa mwanga wa jua. Unaipaka kivulini bila haraka, kingo zikikamilika unautoa ubao nje, na dakika chache baadaye uko tayari kwa mkono wa pili. Kasoro yake ni kwamba rangi nzito huuzuia mwanga kufika chini, kwa hiyo ubao wenye rangi iliyofunga bado utahitaji katalisti.

Kwa mnaonunua kobalti, chupa ndogo kabisa inatosha mbao nyingi. Someni nguvu iliyoandikwa kwenye lebo kabla ya kupima: vipimo nilivyotaja ni vya asilimia 6, na ikiwa chupa yenu imeandikwa asilimia 12, tieni nusu yake.