Huduma ya kupima moshi kabla ya ukaguzi: jinsi Mazda MX-5 ya 1991 ilivyofaulu

Gari langu, Mazda MX-5 ya mwaka 1991 yenye injini ya lita 1.6, lilikuwa limekwisha kushindwa kipimo cha moshi mara mbili mfululizo nilipolipeleka kwenye gereji ninayoitathmini hapa. Katikati ya vipimo hivyo viwili, gereji nyingine ilinibadilishia katalisti, yaani kile kisafisha moshi kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi chini ya sakafu ya gari, pasipo kwanza kupima chochote, na kaboni monoksidi ikabaki juu karibu vile vile. Nimeona niandike tathmini hii kwa urefu kwa sababu ninaamini kwamba wenye magari ya spoti ya umri huo hupoteza fedha nyingi kwa namna hiyo hiyo, wakinunua kipuri baada ya kipuri ilhali moshi wenyewe, ukipimwa ipasavyo, hueleza mahali ugonjwa ulipo.

Huduma niliyoilipia ni ya kupima na kutafuta chanzo, na matengenezo hufuata baadaye kwa makubaliano mengine. Fundi huingiza kwenye bomba la moshi mrija wa mashine inayosoma gesi tano: kaboni monoksidi, kaboni dioksidi, haidrokaboni (yaani petroli isiyowaka), oksijeni na oksidi za naitrojeni. Kutokana na gesi hizo mashine hukokotoa lambda, kipimo kinachoonyesha kama hewa na petroli vinakutana kwa uwiano unaofaa, ambao kwa petroli ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Lambda ikiwa 1 uwiano umekaa sawa, na ikishuka chini ya hapo mafuta yamezidi. Katalisti ya gari kama hili huweza kusafisha gesi zote tatu mbaya kwa pamoja pale tu lambda inapokaa karibu kabisa na 1, na ndiyo maana katalisti mpya haikunisaidia kitu. Tena mafuta yaliyozidi yangeweza kuwaka ndani yake na kuyeyusha kiini chake cha kauri, kwa hiyo nilikuwa njiani kuiharibu nayo pia.

Kabla ya kupima, fundi alikagua mambo ya awali kwa haraka: plagi, nyaya zake, chujio la hewa na oili. Kisha akaunganisha kwa waya matundu mawili, yenye alama TEN (la majaribio) na GND (la ardhi), ya kile kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, ili kompyuta ya injini isiingilie marekebisho, akahakikisha kwamba cheche inatoka nyuzi 10 za mzunguko wa injini kabla ya pistoni kufika juu na kwamba injini inazunguka mara 850 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta. Hapo hakukuwa na kasoro.

Kipimo cha kwanza kilisoma kaboni monoksidi asilimia 2.6 na lambda 0.93, injini ikiwa imepata joto kamili. Wengine wangekimbilia kulaumu sensa ya oksijeni, ile inayoiarifu kompyuta oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Yeye alichomoa soketi ya sensa ya joto la maji iliyo nyuma ya injini akaipima ukinzani, yaani kiasi inachouzuia umeme. Sensa hiyo inapaswa kusoma takriban kiloohm 2.5 maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, na kushuka hadi kama 0.3 yakifika nyuzi 80, lakini yangu ilibaki juu ya 2 hata injini ikiwa moto. Kompyuta, kwa kuamini kwamba injini bado ni baridi, ilikuwa inaongeza petroli muda wote na kuipuuza sensa ya oksijeni. Sikuwa nimeshuku chochote kwa kuwa mshale wa joto kwenye dashibodi ulikaa mahali pake, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika gari hili mshale huo una sensa yake ya pembeni, isiyohusiana na ile inayosomwa na kompyuta.

Sensa ilipobadilishwa, kaboni monoksidi ilishuka hadi asilimia 0.8, ambayo bado isingefaulu. Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nimheshimu fundi huyu, kwani aliona kwamba oksijeni ilikuwa imepanda wakati mafuta nayo yamezidi, hali ambayo katalisti iliyopata moto haipaswi kuiruhusu. Aliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kwa sekunde chache, akasikiliza, na mlio mwembamba ukatokea kwenye gasketi ya manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi unapotoka kwenye injini, mahali palipokuwa na alama ya masizi. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, ufa huo ulikuwa ukinyonya hewa ya nje, sensa ya oksijeni iliyo mbele yake ikaiona hewa hiyo na kuiarifu kompyuta kwamba petroli haitoshi, nayo kompyuta ikaongeza. Ubovu huu ulikuwepo tangu mwanzo, ila haukuweza kuonekana kabla kompyuta haijaanza tena kuisikiliza sensa. Baada ya gasketi mpya, mashine ilisoma kaboni monoksidi asilimia 0.11, haidrokaboni sehemu 60 kwa milioni na lambda 1.00, na siku tatu baadaye gari likafaulu ukaguzi.

Ninayo malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba gereji haina roli za kuzungushia magurudumu huku injini ikilemewa, kwa hiyo oksidi za naitrojeni, ambazo huongezeka hasa injini inapofanya kazi ngumu, zilipimwa gari likiwa limesimama, na kipimo hicho hakimsaidii mtu ambaye ukaguzi wake hufanywa juu ya roli. La pili ni kwamba hakuna aliyeniambia mapema nifike injini ikiwa tayari ina joto. Katalisti huanza kufanya kazi inapokaribia nyuzi 300 za Selsiasi, na hii iliyo mbali na injini hupoa upesi, hivyo tulipoteza karibu saa nzima tukiipasha.

Hata hivyo nilipewa karatasi ya vipimo vyote vitatu pamoja na sensa yangu ya zamani mkononi, na kila hatua ilisubiri idhini yangu kabla ya kufanyika. Gasketi hiyo nitaipeleka ikaguliwe tena baada ya miezi michache, kwa kuwa nati mbili za manifoldi zilitoka zikiwa zimeliwa na kutu, na fundi mwenyewe alinitahadharisha kwamba skrubu zilizobaki huenda zisishike kwa muda mrefu.