Keyword Planner ya Google: kifaa kizuri, ila kilitengenezewa wanunuzi wa matangazo

Nina tovuti changa ya safari na malazi huku Pwani. Siuzi kitu, riziki yake ni matangazo tu. Kabla ya kuandika nataka kujua watu wanatafuta nini, na kifaa ninachokitumia zaidi ni Keyword Planner, iliyomo ndani ya Google Ads, pale wafanyabiashara wanaponunulia matangazo ya Google.

Ni bure, lakini kuingia kuna longolongo. Lazima ufungue akaunti ya mtangazaji, ujaze habari za malipo na uunde kampeni. Ukishaiunda isimamishe hapo hapo isije ikaanza kula pesa, halafu nenda kwenye zana. Kisha angalia mahali: weka Kenya, au Mombasa peke yake, la sivyo utasomewa takwimu za watu wasiokuhusu.

Kila neno linakuja na idadi ya wanaolitafuta kwa mwezi. Sisi tusiotumia pesa kwenye matangazo hatupewi hesabu kamili, twapewa mafungu: 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Neno la watu 1,100 na la watu 9,000 yamo kapu moja! Nyota moja nimeikata kwa hilo.

Safu ya ushindani ndiyo inayopoteza wengi. Ukiona ushindani mkubwa usikimbie. Hapo haisemi ukurasa wako utapata taabu kiasi gani kupanda juu kwenye Google. Inasema watangazaji wangapi wanagombania neno hilo. Kwa mwenye tovuti ya matangazo hiyo ni habari njema, maana wanunuzi wa matangazo wapo.

Mimi hukaa zaidi kwenye safu mbili za bei, ya chini na ya juu, zinazoonyesha watangazaji wamekuwa wakilipa kiasi gani tangazo lao litokee juu ya ukurasa. Chukua "feri ya Likoni". Watu wa Mombasa wanaiulizia kila siku, kama inavuka au imekwama. Lakini nani atalipa kumtangazia mtu anayevuka kwa miguu, tena bure? Anataka jibu moja na kwenda zake. Anayeandika "hoteli za Diani" au "bima ya safari" keshashika pochi mkononi, na wenye hoteli na bima wanamjua.

Ila bei hizo ni za matangazo ya kwenye ukurasa wa Google wenyewe, si za tovuti yako. Rafiki yangu wa Kisauni alizidisha bei ya juu kwa idadi ya watu, akaanza kuulizia pikipiki mpya. AdSense, mpango wa Google unaoweka matangazo kwenye tovuti zetu na kutulipa, haiendi hivyo. Tangu 2024 inalipa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa, na hupati chako mpaka kifike dola 100. Bei zile zitumie kulinganisha neno na neno, basi.

Kwa Kiswahili kifaa hiki ni dhaifu. Maneno mengi yanarudi matupu, hasa yale marefu, na wajua sisi huandika nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Utupu huo hauna maana kwamba watu hawapo. Mimi huandika neno Google taratibu nione linanimalizia vipi, halafu nalipeleka Google Trends, zana ya kuonyesha neno linavyopanda na kushuka, nikiweka Kenya, nililinganishe na jingine. Trends nayo haihesabu watu; ile 0 hadi 100 ni kipimo cha kulinganisha tu.

Jambo moja Keyword Planner haikuambii kabisa: nani keshakaa juu. Hilo tafuta mwenyewe. Nikiona ukurasa wa kwanza umejaa Booking.com na Tripadvisor, naliacha neno hata liwe na bei ya kutamanisha. Nikikuta majibu ya zamani yaliyoandikwa ovyo, naingia.

Ndivyo nilivyofika kwenye "lojing'i karibu na SGR Miritini". Kwenye kifaa halina namba ya kuringia. Lakini treni ya usiku kutoka Nairobi inashusha watu kabla hakujapambazuka, wengine na watoto na mizigo, na stesheni iko mbali na mjini. Anayeuliza hivyo atalipia chumba. Ukurasa wa feri utangoja.

Nyota nne.