Mgahawa wa samaki mteremko wa stesheni, Kigoma: wapishi na wahudumu hula kwanza

Katika mgahawa huu, unaoukuta unaposhuka kutoka eneo la Mwanga kuelekea stesheni, nimekula mara nne sasa. Kilichonirudisha ni jambo la siku ya kwanza: niliagiza kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, na mhudumu akaniambia waziwazi, msimamizi akiwa amesimama hatua mbili kutoka pale, "Baba, kuhe amelala kwenye barafu tangu jana. Chukua mgebuka, ameingia asubuhi hii." Msimamizi hakumkatiza wala kumkazia macho. Mgebuka wa kuchoma, ugali wa muhogo na sombe (kisamvu) iliyoungwa kwa mawese vilistahili kila senti ya shilingi 10,000 nilizolipa.

Siku nyingine nilimuuliza mhudumu huyo anapata wapi ujasiri huo. Alinieleza kwamba saa tano na nusu, kabla ya wateja kujaa, wafanyakazi wote huketi na kula kutoka chungu kilekile cha wateja, hivyo kila mmoja anajua samaki gani anafaa na yupi hafai, na mwenye mali amewaambia kuwa mteja aliyedanganywa hatarudi. Vyombo vikivunjika hawakatwi mshahara kimyakimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo na kiasi cha hasara, ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kuifuata? Mimi mwenyewe niliposimamia duka nilikata kwa kila chupa, na vijana wakajifunza kuficha vigae.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Samaki wabichi walipoadimika na mauzo kushuka, mwenye mali aliwaita wote, akawafungulia daftari la mapato, wakakubaliana kugawana zamu na kupika maharage na kuku badala ya kumwachisha mtu kazi. Naye msimamizi alipunguziwa siku sawa na waosha vyombo. Ziwa lilipofunguliwa, mpishi aliyejua kuchoma mgebuka bila kumkausha alikuwa bado yupo jikoni.

Kasoro zipo. Kati ya saa saba na saa nane nilisubiri chakula kwa dakika arobaini, kwa sababu saa ya mapumziko inaheshimiwa hata foleni ikifika mlangoni. Ninaunga mkono mapumziko hayo, ila zamu zingeweza kupishana vizuri zaidi. Sinki la kunawia halikuwa na sabuni mara mbili. Jumapili hufungwa kabisa, kwa hiyo msafiri wa siku hiyo atafute pengine, na wa siku nyingine afike kabla ya saa saba, amuulize mhudumu samaki yupi ameingia leo.