Duka la Dubai lililoniambia kwamba "meno ni meno"

Nililipeleka lori langu la rimoti dukani kwa jambo dogo tu, kubadilishiwa pinyoni, yaani ile gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota. Nilikuwa nimelifunga matairi makubwa ya mchanga, na kwa kuwa tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, mota huelemewa. Kwenye vilima vya mchanga vya Al Badayer, jangwani Sharjah, tunakokwenda kucheza msimu wa baridi, mota iliyoelemewa hupata moto upesi mno. Dawa yake ni kupunguza meno ya pinyoni. Gia kubwa ya lori langu, ile inayozungushwa na pinyoni, ina meno 54, hivyo ukitoka kwenye pinyoni ya meno 13 kwenda ya 11, mota itazunguka takriban mara 4.9 badala ya 4.15 kwa kila mzunguko wa gia hiyo. Mwendo unapungua kidogo, nguvu inaongezeka na joto linashuka.

Nilifurahi kumkuta kaunta kijana ambaye kwa lafudhi yake ni wa Mombasa. Nilimweleza waziwazi kwamba gia zangu ni za pichi 32, yaani kipimo cha ukubwa wa meno, nikamwekea mbele yake gia kubwa ya akiba ili alinganishe. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mzee wangu, meno ni meno," alisema, kisha akanishangaa kwamba wenzangu wote hutaka pinyoni kubwa ili wakimbie na mimi nataka ndogo. Alichukua moja isiyo na pakiti kutoka kwenye droo, akaihesabu meno, akaipeleka karakana ya nyuma pamoja na lori. Lilirudi likiwa limefungwa kifuniko cha gia, nami nikalipia kipuri na ufundi.

Mchangani lori halikwenda mbali kabla ya kuanza kulia kama kinu cha kusaga kahawa. Nilipofungua kifuniko nilikuta unga mweusi wa plastiki umejaa kila pembe, na meno ya gia kubwa yamenyolewa hadi karibu na mashina. Pinyoni waliyofunga ilikuwa ya moduli 1, kipimo kingine cha meno, ambayo umbali kutoka jino hadi jino ni milimita 3.14, wakati kwa pichi 32 ni kama milimita 2.5. Tundu lake ni la milimita 5 sawasawa na shafti yangu, kwa hiyo iliingia bila ubishi, lakini mtu mwenye macho angeshtuka kuona gia ya meno 11 ni pana kuliko ile ya meno 13 aliyoitoa!

Niliporudi dukani, yule kijana wa kaunta hakunipa hata salamu. "Wewe mzee umeliendesha vibaya, hiki ni kitu cha watoto," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wateja wote, kisha akamgeukia mwenzake wakacheka kwa Kiarabu, lugha ambayo mimi, baada ya miaka yangu yote Sharjah, ninaielewa vizuri kuliko alivyodhani.

Sasa niseme haki. Fundi wa karakana, kijana wa Kifilipino, alisikia zogo akatoka, akaitazama pinyoni mara moja tu na kutikisa kichwa. Alifunga ya chuma ya pichi 32, akaielekeza skrubu kwenye ule ubapa wa shafti na kuitia gundi, akapitisha kipande cha karatasi katikati ya gia mbili ndipo akakaza mota, ili ibaki nafasi ndogo ya meno kupumua. Tangu siku hiyo lori linapanda mchanga bila manung'uniko, na betri ikiisha naweza kuishika mota kwa mkono. Kwa kazi ile nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kusahau mengine.

Lakini nikiwa naandika nimeichukua tena risiti, nikaona kwamba gia kubwa mpya, iliyochukua nafasi ya ile waliyoiharibu wao wenyewe, nimetozwa bei kamili, na chini yake imeandikwa "ufundi" kwa mara ya pili. Nimepiga simu, aliyepokea ni yule yule wa kaunta, akaniambia bidhaa za umeme hazirudishwi. Gia ya plastiki ni ya umeme tangu lini? Nyota ni moja, na hiyo ni ya fundi.