Nimejifunzia JavaScript kwenye kidirisha cheusi cha Node

Habari zenu wadau, karibuni. Leo hakuna simu wala spika mezani. Bidhaa yenyewe ni ya bure: Node, programu inayoendesha JavaScript, ile lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta yako. Na sizungumzii kujenga seva, nazungumzia kile kidirisha kinachofunguka ukiandika node kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ukagonga Enter. Mnaona? Kimetokea kialama kimoja tu, >, kinakungoja wewe.

Ryan Dahl alipoitoa Node mwaka 2009, alichukua V8, injini ileile inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome, akaitumia nje ya kivinjari. Kwa hiyo lugha haijabadilika. Ila ukiandika document, jina la ukurasa ndani ya kivinjari, unaletewa kosa, maana hapa hakuna ukurasa. Kwa anayeanza naona hiyo ni neema. Hakuna HTML, ile lugha ya kupangia kurasa, hakuna kuhangaika na rangi za vitufe.

Sogeeni karibu na skrini. Naandika bei tatu:

[5000, 40000, 100000].sort()

Enter. Haa! Laki moja imetangulia, elfu tano imeshika mkia. Haijaharibika, jamani. Usipoielekeza, sort inazigeuza namba kuwa maandishi, halafu inapanga kwa kuanzia tarakimu ya kwanza, na 1 iko kabla ya 4 na 5. Sasa nabonyeza mshale wa juu, mstari unarudi, najaza mabano ili ilinganishe ukubwa wa namba:

[5000, 40000, 100000].sort((a, b) => a - b)

Zimekaa sawa. Na ule mstari wa chini, _, umelishika jibu la mwisho. Naandika _[0], napata 5000. Hapo hujafungua faili hata moja, na ukishaisakinisha, mazoezi kama haya hayali bando.

Umesahau jina? Andika Math, nukta, kisha Tab mara mbili. Orodha nzima hiyo.

Sasa lawama. Juzi umeme ulikatika na betri yangu ndiyo hivyo tena, imechoka. Niliporudi, mistari niliyoandika niliikuta kwa mshale wa juu, lakini vigeu vyote, yale majina niliyoyapa thamani, vilikuwa vimeyeyuka. Tangu siku hiyo, kila baada ya muda naandika .save mazoezi.js kuhifadhi nilichoandika, na kesho yake .load mazoezi.js kukirudisha. Fungsheni ndefu nazo ni kero ukiziandika mstari kwa mstari, andika .editor kwanza, ukimaliza Control na D. Na ile import ya kawaida, ya kuleta msimbo kutoka faili nyingine, inakataliwa humu, itabidi utumie await import().

Nani aichukue? Anayetaka kuielewa lugha yenyewe: orodha, maandishi, fungsheni. Anayetaka kuona kitufe kikibadilika rangi abaki kwenye kivinjari chake, hapa atachoka mapema. Mimi kila asubuhi chai ikichemka nafungua hiki kwanza, najaribu kitu kimoja nilichokosea jana.

Ukikwama, Control na C. Kutoka, .exit. Natoka hivyo.