Trekta unalo, njia ni ya changarawe, theluji yaja: ununue nini kwanza?

Njia yetu kutoka barabara ya kaunti hadi mlangoni ina urefu wa mita 200 na ushei, upana mita tatu na nusu, changarawe tupu. Tuliponunua kashamba haka huku Minnesota, Marekani, ili tufuge mbuzi, njia hiyo ndiyo iliyonivuta. Ilinikumbusha barabara ya murram ya kwetu, ile ambayo greda hupita mara moja kila uchaguzi unapokaribia. Lakini tuliiona mwezi wa Juni. Hakuna anayekuonyesha nyumba mwezi wa Januari.

Hebu tupige hesabu kidogo. Theluji ya sentimita 20, ambayo hapa haimfanyi mtu ainue hata nyusi, ikilala juu ya njia kama hiyo ni mita za ujazo 140. Theluji kavu iliyoanguka usiku huwa na uzito wa karibu kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo asubuhi una tani 14 kati yako na zamu inayoanza saa moja hospitalini. Ikiwa ni ile ya majimaji ya mwezi wa Machi, zidisha mara mbili. Na kuna miaka inayovuka mipaka: dhoruba ya Halloween (mwisho wa Oktoba) ya 1991 iliuachia mji wa Duluth, hapa Minnesota, sentimita 94 kwa mpigo mmoja.

Uzito peke yake si tatizo, trekta litausukuma. Tatizo ni changarawe. Mwenye njia ya lami anakwangua hadi chini na kwenda zake. Wewe ukikwangua hadi chini unalima. Kila jiwe unalolisukuma nyasini Januari utalifuata na reki Aprili. Mimi na mke wangu tulifanya kazi hiyo wikendi tatu mfululizo baada ya baridi yetu ya kwanza, tumeinama kama wapanda mpunga, na bado mashine ya kukata nyasi ikaokota mawe hadi Julai. Kwa hiyo muuzaji anapokusifia jinsi kifaa chake kinavyosukuma theluji nyingi, mwache amalize, kisha muulize: nitakizuiaje kisiguse ardhi?

Mpangilio ufuatao ni wa mwenye trekta dogo la nguvu za farasi 25 hadi 40, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye mikono mitatu ya kufungia vifaa nyuma na shafti ya kuzungusha mashine. Kama lako ni kubwa zaidi, mpangilio haubadiliki sana, bei tu ndiyo inapanda.

Kabla ya namba moja: minyororo na uzito

Hiki ndicho kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Matairi mapana ya trekta dogo, yale yenye meno mafupi yanayouzwa na trekta jipya, yanashika udongo vizuri lakini juu ya barafu yanageuka sabuni. Minyororo ya matairi ya nyuma ni dola mia chache tu, na itakupa zaidi ya chochote utakachofunga nyuma au mbele. Pima kwanza nafasi kati ya tairi na bodi, maana mnyororo uliolegea ukizunguka unaweza kuchana bomba la haidroliki.

Uzito wa trekta nao. Wengi hujaza matairi ya nyuma kimiminika kisichoganda. Huku hupendwa maji ya viazisukari, kwa sababu ni mazito na hayali rimu kwa kutu kama chumvi ya kalisi. Maji ya bomba usiyathubutu. Mwaka 1996, Februari 2, mji mdogo wa Tower, hapa hapa Minnesota, ulipima nyuzi 51 chini ya sifuri za Selsiasi. Hapo tairi lililojaa maji ni jiwe.

1. Bleidi ya nyuma

Ni ubao wa chuma uliopinda, upana futi sita au saba, unaofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma. Ukiona greda, umeiona, ila hii ni mtoto wake. Mpya inaanzia dola mia kadhaa, nzito na nzuri inavuka elfu. Haina injini, haina mnyororo, haina fundi. Unaendesha ukiangalia mbele, yenyewe inakufuata ikimwaga theluji upande mmoja.

Uzuri wake kwa changarawe uko kwenye pini. Unang'oa pini ya katikati, unaigeuza bleidi nyuzi 180 ili mgongo wake ndio utangulie, unarudisha pini. Sasa ukingo mkali hauchimbi tena, bleidi inateleza juu ya mawe na kubeba theluji tu. Nafanya hivyo Novemba na Desemba, ardhi kabla haijaganda. Ikishaganda na theluji ya chini ikashindiliwa ikawa kama zege, naigeuza tena na kukwangua bila hofu.

Ujanja wa pili nilifundishwa na mzee jirani, mkulima wa miaka mingi, aliyesimama akanitazama nikiharibu njia kwa dakika kumi hivi kabla hajaongea. Alichukua bomba la chuma la inchi mbili, akalipasua kwa grainda kutoka mwisho hadi mwisho upande mmoja tu, akaligonga kwa nyundo likameza ukingo wa chini wa bleidi, kisha akalifunga kwa bolti mbili. Bleidi sasa inatembea juu ya mviringo badala ya kisu. Bomba langu lina baridi ya tatu sasa na limelika nusu tu.

Udhaifu wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: theluji inabaki kando. Kila dhoruba inaongeza tuta, tuta linaganda, na kufikia Februari njia ya mita tatu na nusu imekuwa ya mita mbili na nusu. Dawa ni kusukuma mbali sana mapema, mita moja zaidi ya unavyodhani unahitaji, dhoruba ya kwanza kabisa.

Ukinunua iliyotumika, shika ncha ya bleidi uitikise. Ikicheza sana pale kwenye pini, tundu limeshapanuka.

2. Mashine ya kurusha theluji, ya nyuma

Kama njia yako inapita uwanja wazi wenye upepo, hii ndiyo namba moja yako na bleidi ni namba mbili. Inazungushwa na shafti ya trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika, inameza theluji na kuitupa mita kadhaa mbali. Haiachi matuta, na pasipo matuta upepo hauna mahali pa kujazia theluji usiku kucha.

Gharama: elfu kadhaa za dola, pamoja na shingo yako. Kwa ile ya kawaida unaendesha kinyumenyume mita 200, umejipinda kama bundi. Zipo zinazovutwa ukiangalia mbele, ghali zaidi, na ukiwa na zaidi ya miaka hamsini zilipie tu. Zile za kufunga mbele ya trekta ni tamu kuliko zote, na bei yake inatosha gari la mtumba.

Angalia gia za trekta kabla ya kulipa. Lenye mwendo wa haidroliki linakuruhusu kupunguza kasi huku shafti ikizunguka kwa nguvu zilezile. La gia za kawaida lisilo na gia ya kutambaa litakukimbiza kuliko mashine inavyoweza kumeza.

Kwa changarawe, shusha vile viatu vya pembeni, yaani vyuma vinavyoteleza ardhini, hadi mdomo ukae sentimita mbili au tatu juu ya ardhi. Mimi niliviacha juu. Jiwe moja lilitoka kwenye kinywa cha mashine likapita kwenye dirisha la banda, na mbuzi wakanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Mashine ikimeza jiwe kubwa, kuna bolti laini iliyowekwa makusudi ikatike ili gia zipone. Beba tano mfukoni, na usiweke bolti ngumu ya dukani kwa hasira.

Mdomo ukiziba theluji ya majimaji, zima shafti, zima injini, ngoja kila kitu kisimame, ndipo uchokoe kwa fimbo. Mkono hapana, hata mara moja. Na skafu ndefu au shali iache nyumbani. Shafti ile haina huruma na kitambaa.

3. Plau ya mbele (ubao wa kusukuma theluji) kwenye mikono ya loda, ile inayobeba ndoo

Inapendeza machoni. Unaona unachosukuma, unageuza pembe ukiwa umekaa. Lakini mikono ya loda ilitengenezwa kuinua, haikutengenezwa kupigwa ubavuni. Ukigonga kona ya tuta lililoganda kwa kasi unaweza kuipinda, na huo ni ukarabati wa kulia. Ukiinunua, iwe na springi za kulegea inapogonga, na uende mwendo wa mtu anayetembea.

4. Ndoo uliyonayo tayari

Bure, na polepole. Ndoo ya trekta dogo hubeba karibu theluthi moja ya mita ya ujazo. Kwa mita 140 hizo ni safari zaidi ya mia nne. Itunze kwa kazi mbili: kurudisha nyuma matuta, na kuondoa ule ukuta ambao plau ya kaunti huuacha kwenye mdomo wa njia yako ukishamaliza kusafisha. Uweke upande wako. Sheria ya Minnesota inakataza kusukuma theluji yako kwenye barabara ya umma.

5. Boksi la kusawazishia changarawe

Wauzaji watakuambia linafanya kazi zote mbili, changarawe na theluji. Kiangazi ni zuri sana kurudisha mawe barabarani. Kwenye theluji linajaa hatua kumi na kusimama.

Kuhusu muda wa kununua: nenda Julai. Mashine ya kurusha theluji inayouzwa katikati ya joto kwa kawaida inauzwa na mtu anayehama au aliyechoka kuiruka gerejini. Zungusha skrubu yake, ile inayomeza theluji, kwa mkono usikie gia, fungua kifuniko uone kama mafuta ni masafi au yamekuwa kama maziwa, maana hayo yameingia maji. Vuta shafti uone kama inafunguka na kufunga na kama kava lake la plastiki lipo. Kisha, kabla ya ardhi kuganda mwishoni mwa vuli, panda vijiti vya rangi kila mita kumi pande zote mbili za njia. Ukishafunikwa na weupe mtupu saa kumi na moja alfajiri, hujui tena mtaro uko wapi.